Kamongo Hana Haraka

Swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu kamongo wangu ni kama yu hai. La pili ni kama kweli anakula samaki wenzake. Jibu la yote mawili ni ndiyo, ila atakayeketi mbele ya tangi akingoja kuthibitisha hilo la pili ajiandae kuchoka. Samaki huyu, ambaye wengine humwita kambare mamba ingawa si kambare na kwa mamba hana ukaribu wowote, hulala sakafuni mwa tangi jioni nzima bila kutikisa pezi. Kisha huinuka taratibu, akachomoza pua juu ya maji, akagugumia hewa kwa sauti inayosikika hadi chumba cha pili, akashuka na kulala palepale alipokuwa. Onyesho limekwisha, mgeni anaomba tuwashe televisheni.

Wengi wanaoingia katika ufugaji wa samaki wala nyama hutafuta kishindo. Wanataka windo likimbie, maji yachafuke, mtu apige kelele na simu iwe inarekodi. Kwa watu hao kamongo ni hasara. Ni mwindaji, tena wa hatari, lakini hafukuzi kitu. Na anayemfuga, kazi yake kubwa ni kujizuia. Karibu kila tangi la kamongo nililoliona likiharibika liliharibiwa na mtu aliyeongeza kitu kisichotakiwa: chakula zaidi, rafiki wa kumwondolea upweke, maji ya kina kirefu, au mkono.

Wangu ni wa spishi iitwayo Protopterus annectens, ndiyo inayopatikana zaidi kwa wafugaji. Ana rangi ya kahawia iliyoelekea kijani, na mabaka meusi yaliyotapakaa pasipo mpangilio. Afrika ina spishi nne za kamongo. Mkubwa kuliko wote ni Protopterus aethiopicus wa maziwa kama Victoria, Albert na Tanganyika, anayeweza kufika mita 2, na huyo kwa maoni yangu hafai kufugwa nyumbani hata kama nyumba ni kubwa. Protopterus dolloi ni mwembamba, wa bonde la mto Kongo. Protopterus amphibius ndiye mdogo, wa upande wa mashariki, na mtu akibahatika kumpata kwa njia halali atakuwa amejiondolea nusu ya matatizo ninayoyaeleza hapa, kwa sababu hazidi sana nusu mita. Nje ya Afrika wamebaki wawili tu duniani: mmoja Amerika Kusini, mmoja Australia.

Ukoo huu ni wa kale. Mabaki yake yaliyogeuka mawe yanarudi nyuma miaka takribani milioni 400, na kinachowashangaza wageni wangu kuliko umri huo ni ujamaa: kamongo yuko karibu zaidi nasi kwa nasaba kuliko alivyo karibu na sato. Samaki walio wengi wako tawi lingine la mti. Kamongo yuko tawi letu, pamoja na vyura, mijusi, ndege na ng'ombe. Jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi yaliyo ndani ya mwili wake, nayo ni ya ajabu. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kusoma jenomu ya yule wa Amerika Kusini na kukuta herufi bilioni 91 hivi, yaani kama mara 30 ya zetu. Sehemu kubwa ya mrundikano huo ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika tena na tena kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo asije mtu akadhani kamongo anatuzidi akili mara 30. Nimekaa naye, najua.

Wataalamu wa Ulaya walipomwona mara ya kwanza hawakujua wamweke wapi. Yule wa Amazon alipelekwa Vienna na Johann Natterer, na mwaka 1837 Leopold Fitzinger akamtangaza kuwa mnyama wa kundi la reptilia, kwa sababu samaki gani ana mapafu? Miaka miwili baadaye Richard Owen wa London, akiwa na kamongo kutoka mto Gambia, akashikilia kwamba ni samaki. Walibishana muda mrefu. Mwaka 1856 tayari kulikuwa na kamongo hai kwenye jumba la Crystal Palace huko London, na John Edward Gray akaandika aliyoyaona kwake. Kwa hiyo kumweka kiumbe huyu nyuma ya kioo na kumkodolea macho ni jambo lililoanza karibu pamoja na ufugaji wenyewe wa samaki kwenye matangi.

Tangi lake lote linajengwa juu ya jambo moja, pumzi. Kamongo ana mapafu mawili, na matamvua yake yamedhoofika kiasi kwamba akizuiwa kufika juu ya maji anakufa. Samaki anazama! Akiwa mkubwa, karibu asilimia 90 ya oksijeni anayotumia inatoka hewani. Wakati mdogo matamvua humsaidia zaidi, na kinda huwa na vijinyuzi vya matamvua ya nje nyuma ya kichwa, ambavyo hunywea kadiri anavyokua. Hapumui kwa kifua kama sisi. Hujaza hewa kinywani, akafumba, akaisukuma ndani kwa nguvu ya kinywa, utaratibu uleule wa chura.

Kwa sababu hiyo urefu wa tangi kwenda juu hauna maana kwake. Anachohitaji ni sakafu. La kwangu lina sentimita 180 kwa 60, kimo chake ni 60, lakini maji nayaacha yafike 40 tu, kama lita 430. Mwenye duka au jirani atakwambia umepoteza nafasi. Hujapoteza. Kamongo aliyelala chini ya maji ya sentimita 40 anapiga mkia mara mbili ameshafika juu. Ukimwekea maji ya mita moja unamfanyisha mazoezi kila anapotaka kupumua. Zile sentimita 20 zilizobaki juu ndizo hewa yake. Ukijaza maji mpaka kwenye mfuniko kwa kutaka picha nzuri, unamziba pua.

Na mfuniko ni lazima. Samaki huyu ni msuli mmoja mrefu, na pua yake hugusa juu mara nyingi kila siku, kwa hiyo hakuna mwanya asioujua. Mfuniko wa plastiki nyepesi ataunyanyua. Wangu ni wa kioo kinene, umebanwa pembe zote, na tundu la waya limezibwa kwa sponji ngumu. Kwa kuwa anapumua hewa na mwili wake una ute mwingi, kamongo aliyetoka usiku anaweza kukutwa asubuhi yu hai nyuma ya kabati, amejaa vumbi na amekasirika. Lakini ngozi yake ikikauka ndio mwisho wake, usitegemee bahati.

Hita ya kioo ndani ya tangi usiiweke. Ataipiga kwa mkia au ataing'ata, na umeme na maji havijapatana hata siku moja. Tumia inayokaa nje, kwenye bomba la filta, au izungushie kizuizi kigumu. Joto la nyuzi 24 hadi 28 linamtosha.

Sasa maji. Hapa ndipo sifa ya kamongo inapomponza. Kila mtu atakwambia ni sugu, anaishi kwenye madimbwi ya tope, maji machafu hayamdhuru. Ni kweli kwamba maji yakikosa oksijeni yeye hana habari, kwa kuwa yake anaichukua juu. Lakini amonia haichagui. Mla nyama mkubwa hutoa taka nyingi kwa mkupuo, na amonia hiyo inahitaji bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, na naitreti nayo haiondoki isipokuwa kwa kubadilisha maji. Samaki mwingine maji yakiharibika utamwona juu anahema, na utashtuka mapema. Kamongo huenda juu kuhema hata maji yakiwa safi kabisa! Ile dalili ya hatari ambayo wafugaji wote wameizoea, kwake haipo. Ndiyo maana nampimia maji kwa ratiba, bila kumsubiri yeye aniambie. Nabadilisha theluthi moja kila wiki, maji mapya yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini na kufikishwa joto linalolingana, na filta yangu ni kubwa kuliko ile ambayo boksi linadai inatosha kwa lita hizo. Kwa samaki wala nyama, maelezo ya kwenye boksi ni matumaini tu.

Sakafuni nimeweka mchanga laini. Changarawe usiweke, maana kamongo hufyonza chakula pamoja na chochote kilicho karibu. Mimea yenye mizizi ataing'oa, si kwa ubaya, ni kwa kupita tu. Mimea inayoelea inamfaa kwa kuwa inapunguza mwanga, na mwanga mkali haupendi. Bomba pana la plastiki, lenye nafasi ya kuingia na kujigeuza, ndilo jumba lake la kifahari. Gogo moja zito limelala pembeni. Basi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kumtazama akitafuta chakula. Macho ya kamongo ni madogo na hayamsaidii sana. Unaweza kushika kipande cha kome mbele ya uso wake akakaa tu. Lakini harufu ikishaanza kusambaa, mwili wote unabadilika. Kichwa kinainuka kidogo, na yale mapezi yake manne, ambayo kwa samaki wengine yangekuwa bapa na yenye miiba, kwake ni nyuzi ndefu zinazopapasa mchanga huku na huko. Ana vilevile uwezo ambao sisi hatuna: vijitundu vya ngozini, hasa kichwani, vinavyohisi umeme hafifu unaotolewa na misuli ya kiumbe hai. Konokono aliyejizika kwenye mchanga hajajificha kwa kamongo. Anachelewesha kujulikana tu.

Anasogea. Na namna anavyosogea imewahi kuwaweka wanasayansi wakitazama video polepole. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba Protopterus annectens hutembea chini ya maji kwa mapezi yake ya nyuma, akiinua mwili juu ya sakafu na kupiga hatua, mara kwa zamu kushoto na kulia, mara yote mawili kwa pamoja. Mapezi hayo ni membamba kiasi kwamba ukiyaona huwezi kuamini yanabeba kitu, lakini hewa iliyo mapafuni inampunguzia uzito upande wa mbele. Maana yake, alama za mwendo wa kale sana zilizokutwa kwenye mawe si lazima ziwe za mnyama mwenye miguu na vidole. Nilipolisoma hilo nilikuwa tayari nimemwona akifanya hivyo mara nyingi nikidhani anajikokota. Tangu hapo nazima taa ya chumba na kubakiza moja ndogo ya mbali, kwa sababu usiku ndio hutembea vizuri.

Akishakifikia chakula, hakuna kukimbizana. Kuna ukimya, halafu mdomo unafunguka ghafla na maji yanavutwa ndani pamoja na windo. Tendo lenyewe ni fupi mno jicho halilioni, unaona tu kwamba kilichokuwepo hakipo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na huenda walikuwa na kamongo akilini. Kinachofuata ndicho kinachowachukiza wageni na kunifurahisha mimi. Kamongo hamezi. Hutafuna. Hana safu ya meno kama tuliyonayo. Ana mabamba makali yaliyoshikamana na taya, juu na chini, yenye kingo za kukata, na mbele juu vijino viwili. Anakiponda chakula, anakitoa nje nusu, anakirudisha, anakiponda tena upande mwingine, kama fundi cherehani anavyorudisha kitambaa chini ya sindano mpaka ushonaji umridhishe. Hana ulimi wa kukigeuza, kwa hiyo anatumia maji yenyewe kukisukuma mbele na nyuma. Kipande cha samaki kinaweza kutoka na kuingia mara nyingi mpaka kimekuwa uji, vijipande vikielea tangini kote. Filta kubwa sasa umeielewa.

Mabamba hayo hupasua gamba la konokono bila taabu. Kidole ni laini kuliko gamba la konokono. Sina haja ya kuongeza neno, lakini nitaongeza kwa sababu watu hawasikii: kamongo akimuuma mfugaji hana kinyongo, amenusa chakula na kitu chenye joto kimepita karibu. Mkono ulioshika kome dakika chache zilizopita ni kome. Chakula nampa kwa kibano kirefu, usafi naufanya kwa mpira mrefu wa kufyonzea uchafu, na ikibidi mkono uingie kabisa namtenga kwanza kwa kizuizi cha plastiki kinachokatisha tangi. Kuna watu wanaojirekodi wakiwabembeleza kamongo wao shingoni. Vidole ni vyao.

Kuhusu kulisha, hamu ya kuzidisha ni kubwa kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee ya kumwona akifanya jambo. Nimeona kamongo wenye tumbo lililofura mpaka mapezi ya nyuma yanatazama pembeni, na wenye nao wanasifia afya. Mdogo wa chini ya sentimita 20 anakula kidogo kila siku. Mkubwa anatosheka na mara moja au mbili kwa wiki. Huyu ni kiumbe ambaye mwili wake umeumbwa kuvumilia miezi bila kula; wiki moja ukisafiri humwombi jirani aje kumlisha, na jirani mwenyewe ni afadhali asiguse ule mfuniko. Wangu anapata kome, konokono, nyungunyungu, kamba wasiomenywa, vipande vya samaki, na vidonge vya chakula cha samaki wala nyama vinavyozama. Vidonge alivikataa muda mrefu. Nilivichanganya na kome waliosagwa, nikipunguza kome kidogo kidogo, akavizoea. Nyama ya wanyama wa miguu minne simpi, mafuta yake hayamfai.

Samaki hai simpi pia. Najua hapa nitapoteza wasomaji, maana kwa wengi hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kufuga mwindaji. Hoja zangu si za huruma peke yake, ingawa huruma ipo. Samaki wadogo wauzwao kwa ajili ya chakula hufugwa kwa msongamano, na pamoja nao unanunua minyoo na magonjwa. Wengi wao, hasa wa jamii ya goldfishi, wana thiaminesi, kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mla nyama anayelishwa hao tu hudhoofika mishipa ya fahamu bila mwenyewe kuelewa kwa nini. Na mwisho, kwa kamongo haileti hata burudani inayotafutwa. Kamongo hawafukuzi. Samaki hao wanazunguka juu yake siku nzima, usiku mmoja wakiwa wamelala wanatoweka, na wewe umelala pia.

Lipo suala la kumpa mwenzake. Watu hunionea huruma kwa niaba yake: tangi kubwa hivyo, samaki mmoja! Kamongo hahitaji rafiki. Wawili wakiwekwa pamoja hung'atana, na kwa kuwa mapezi yao yananing'inia kama yalivyo, ndiyo yanayokatwa kwanza. Kinachowasitiri wafugaji wazembe ni kwamba mapezi hayo huota tena, mifupa yake laini na misuli yake, jambo ambalo wachunguzi wa uotaji wa viungo wanalifuatilia kwa hamu kubwa kwa sababu linafanana na mkono wa salamanda unaokatika na kurudi. Pezi kuota tena hakuhalalishi kulikatisha. Samaki wa spishi nyingine, wadogo wataliwa, wakubwa wenye magamba magumu wataishi mpaka usiku mmoja kamongo atakapoamua kuonja. Nimewasikia wanaosema wa kwao wanapatana. Inawezekana. Naomba waniandikie tena baada ya miaka mitano.

Nifike kwenye lile ambalo nimeombwa mara nyingi na ambalo sitalifanya: kumlaza kwenye tope. Sifa kuu ya kamongo, iliyomfanya ajulikane hata na wasiojua samaki wengine, ni kuvuka kiangazi akiwa ardhini. Protopterus annectens porini huishi kwenye mabonde ya mito na madimbwi yanayokauka kila mwaka. Maji yakipungua, anachimba kwa kinywa, akilitafuna tope na kulitolea kwenye matamvua, mpaka anapata chumba. Humo anajikunja, mkia umefunika uso, mdomo ukitazama juu. Ute wa mwili unakauka na kuwa mfuko unaomfunga kote isipokuwa kitundu kinachofika midomoni. Anapumua kupitia shimo alilochimba. Matumizi ya nguvu mwilini yanashuka sana, misuli yenyewe inageuka akiba ya kula, na amonia, ambayo ingemuua kwa kukosa maji ya kuimwagia, anaigeuza kuwa urea na kuihifadhi mpaka mvua irudi. Homer Smith, Mmarekani aliyebobea katika figo, aliwachunguza kamongo wa Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu hiyohiyo: alitaka kujua mnyama anaishije na taka zake mwenyewe. Maabara zimewahi kuwaweka hai katika hali hiyo kwa miaka kadhaa.

Hata ule mfuko si ganda lililokufa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ni tishu hai, yenye chembe za kinga zinazohamia humo na kunasa bakteria kabla hawajaifikia ngozi. Kamongo aliyelala amejivika mlinzi wa zamu.

Nasimulia hayo kwa furaha, na kila ninaposimulia hutokea mtu akasema: basi tufanye! Tuweke ndoo ya tope, tupunguze maji, tuone. Sioni kwa nini. Kulala huko ni njia ya kunusurika, haina uhusiano na starehe. Anatoka amekonda, misuli imeliwa, na si wote wanaotoka. Porini tope lina sifa zake, udongo wake wa mfinyanzi, kasi yake ya kukauka. Ndoo ya sebuleni ina kubahatisha. Wala hakuna madhara yoyote kwa kamongo asiyelala. Binamu yake mkubwa wa maziwa makuu, ambaye maji yake hayakauki, halali hivyo ila kwa nadra. Tangi langu halina kiangazi. Sitamtengenezea kiangazi ili mimi nipate hadithi.

Nikishayasema haya, huwa nabaki na swali ambalo muulizaji halipendi: una miaka mingapi, na nani atamchukua? Kamongo wa Afrika huishi kwa miongo. Yule wa Australia ndiye mwenye rekodi zinazojulikana: mmoja aliyeitwa Granddad aliingia Shedd Aquarium ya Chicago mwaka 1933 akafa mwaka 2017, na mwenzake Methuselah yuko San Francisco tangu mwaka 1938. Wa kwetu si lazima wafike huko, lakini anayenunua kinda la urefu wa kalamu ananunua mnyama wa karibu mita moja atakayehama naye nyumba baada ya nyumba. Ukimchoka, hakuna mto wa kumtupia. Nje ya maeneo yake ni mgeni mharibifu, na hata ndani ya maeneo yake utakuwa unapeleka magonjwa ya tangini kwa ndugu zake. Majumba ya wanyama hayana nafasi ya kila kamongo aliyemshinda mtu.

Mimi nimeshapanga. Mpwa wangu amekubali kumchukua siku nitakapokuwa siwezi tena kubeba ndoo za maji, na tumeshafanya jaribio la kumhamisha: pipa pana lenye mfuniko wa kukaza, matundu ya hewa, maji yanayofunika mgongo wake tu, gari liende polepole. Alivumilia safari vizuri kuliko sisi. Mpwa ametoa sharti moja, kwamba wakati huo filta nimnunulie mpya, kwa sababu hii iliyopo inanguruma, na yeye chumba chake cha kulala kiko karibu na sebule.